Klabu za Wahitimu: Kongwe, Kubwa na Iliyochelewa Kufungua Mlango

Klabu ya wahitimu ni nyumba ya watu waliosoma chuo kikuu. Wanalipa ada, wanakula humo, wanalala humo, na asiye mwanachama haingii bila mwenyeji. Hizi hapa rekodi zake, na vipimo vyetu vinatoka Mbeya na Iringa.

1. Kongwe zaidi
United University Club ya London, 1821. Mtwa Mkwawa, kiongozi wa Wahehe, angezaliwa zaidi ya miaka 30 baadaye, na mji wa Mbeya ungesubiri hadi miaka ya 1920, dhahabu ya Lupa ilipovuta watu. Mwaka 1972 klabu hiyo iliungana na klabu ya wahitimu wa Oxford na Cambridge, na hadi leo wako mtaa wa Pall Mall. University Club ya New York inajivunia jumba lake la mwaka 1899. Mkwawa alikuwa ameshafariki mwaka mmoja tu kabla.

2. Kubwa zaidi
Hapa hakuna ubishi: Yale Club, New York. Jumba la ghorofa 22, lililofunguliwa mwaka 1915, Iringa ikiwa bado mikononi mwa Wajerumani. Wanachama ni zaidi ya 11,000. Wapakie kwenye mabasi ya abiria 60 pale stendi ya Nane Nane, Mbeya: mabasi 183 yanajaa, na watu 20 wanabaki na mizigo yao! Manispaa ya Iringa ilihesabiwa watu 202,490 mwaka 2022. Ni kama mtu mmoja katika kila 18 awe na kadi.

3. Iliyochelewa zaidi kufungua mlango
Yale Club iliwapokea wanawake mwaka 1969, University Club ya New York mwaka 1987. Lakini wa mwisho kati ya hawa ni wale wa Pall Mall: uanachama kamili kwa wanawake ulikuja mwaka 1996. Mwaka mmoja kabla, Gertrude Mongella, mhitimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alikuwa Katibu Mkuu wa mkutano wa dunia wa wanawake kule Beijing. Wanawake wasomi wa London hawakungoja. Walikuwa na klabu yao tangu 1886.

4. Mwanzo mdogo
Bila chuo hakuna wahitimu, basi tugeukie vyuo vyenyewe, hapa nyumbani. Dar es Salaam, Oktoba 1961: chuo kikuu kinaanza na wanafunzi wa sheria wasiofika 15, wa kutosha Hiace moja.

5. Mgeuko mkubwa zaidi
Kombe hili ni la Iringa. Katika miaka ya 1950 ilijengwa pale shule ya St Michael na St George, kwa watoto wa Wazungu. Baada ya uhuru ikawa Sekondari ya Mkwawa, na mwaka 2005 Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa, chini ya Dar es Salaam. Mtoto wa Kalenga au wa Tukuyu anayehitimu pale anatoka na shahada ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kazi yake ni kufundisha wengine.