Pikipiki ndogo, safari ndefu: kundi linavyofika bila kumwacha mtu njiani

Miaka michache iliyopita nilipanda nyuma ya bodaboda katika msafara wa pikipiki 14 kutoka Ifakara kwenda Mngeta. Mama wa mwenzao mmoja wa kijiweni alikuwa amefariki, na kama ilivyo desturi ya vijana hawa, walichanga, wakajaza mafuta na kwenda kumzika. Tuliondoka pamoja kwa honi na taa. Tulipofika msibani tukapukuta vumbi, mwenyekiti wa kijiwe akahesabu pikipiki. Zilikuwa 13.

Aliyekosekana alikuwa mdogo kuliko wote. Cheni yake ilikatika tulipokwisha kuipita Namwawala, ikajisokota kwenye gurudumu la nyuma, akaanguka na kuteguka bega. Simu yake ilivunjika hapohapo. Waliomkuta ni akina mama waliokuwa wanatoka shambani, nao ndio waliomtoa barabarani na kumpa maji. Sisi tulimpata baada ya saa mbili. Nilipowauliza wenzake ilikuwaje, kila mmoja alinijibu kwa namna yake jambo lilelile: "Dada, nilijua yuko na wenzake nyuma."

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiwauliza waendeshaji na mafundi jinsi kundi la pikipiki ndogo linavyopaswa kusafiri mwendo mrefu. Makala hii inaeleza niliyojifunza.

Safari ya uvumilivu ni nini?

Duniani kuna watu wanaosafiri mbali kwa pikipiki kwa makusudi ya kupima uvumilivu wao na wa chombo. Marekani kuna chama kiitwacho Iron Butt Association. Kipimo chake kinachofahamika zaidi ni kwenda maili 1,000, yaani kama kilomita 1,609, ndani ya saa 24. Wengi hutumia pikipiki kubwa, lakini wapo wanaochagua chombo kidogo. Kwa mfano, Ziwa Erie, lililo kati ya Marekani na Kanada, lina safari ya kulizunguka kwa skuta na pikipiki ndogo, umbali unaozidi kilomita 1,000.

Wapo pia wanaosafiri hivyo kwa sababu hawana njia nyingine. Indonesia, kila Idi inapokaribia, watu kwa mamilioni hutoka mijini kurudi kwao, na wengi wao hupanda pikipiki ndogo, mara nyingine baba, mama na mtoto juu ya chombo kimoja. Ajali zilipozidi, serikali ya huko ilianzisha mipango ya kuzibeba pikipiki bure kwa malori, treni na meli ili wenyewe wasafiri kwa usalama.

Bonde la Kilombero liko karibu zaidi na Indonesia kuliko Marekani. Hatusafiri kutafuta cheti. Tunakwenda msibani, harusini, kwenye mechi ya mpira au kumsindikiza mgombea. Hata hivyo, mashine ni ileile ya cc 100 hadi 150, na uchovu ni uleule.

Injini ndogo inavumilia nini

Pikipiki ndogo ina historia ya kustahimili. Honda Super Cub ilianza kuuzwa Japani mwaka 1958 ikiwa na injini ya cc 50, na kufikia mwaka 2017 zilikuwa zimetengenezwa zaidi ya milioni 100. Siri yake ni urahisi: silinda moja, sehemu chache za kuharibika, na fundi wa kijijini anaweza kuifungua.

Lakini udogo una masharti yake. Injini nyingi za bodaboda hupozwa na upepo, na oili yake ni kama lita moja tu. Ikipungua robo lita kwa kuvuja au kuungua, robo nzima ya kinga ya injini imeondoka. Kwa safari za mjini unaweza usione tatizo, kwa sababu injini inapumzika kila unaposubiri abiria. Ukiikimbiza saa mbili mfululizo ukiwa na abiria na mzigo, joto halipati pa kwenda. Ndiyo maana mafundi wanasisitiza oili ipimwe asubuhi injini ikiwa baridi, na mwendo uwe wa wastani. Ukikaza mkono hadi mwisho unafupisha maisha ya injini kwa dakika chache za kuwahi.

Vitu vingine vya kukagua kabla ya kuondoka ni vichache: cheni isilegee wala kukaza kupita kiasi, na iwe imepakwa mafuta, meno ya sproketi yasiwe yamechongoka, spoki zote ziwe zimekaza, tairi zipimwe upepo kabla hazijapata joto, breki na taa ya nyuma vifanye kazi. Kundi zima linaweza kubeba mfuko mmoja wa vifaa: tyubu, viraka na pampu, plagi, kiungo cha cheni, waya wa klachi na spana. Cheni ya yule kijana wa Mngeta ilikuwa inapiga kelele tangu kijiweni. Ukaguzi wa dakika tano ungeigundua.

Kuhusu mafuta, pikipiki hizi hutembea kati ya kilomita 40 na 60 kwa lita, kutegemea mzigo, barabara na mkono wa dereva. Tatizo ni mazoea ya kuweka mafuta kidogo kidogo. Msafara unakwenda mbali kadiri ya tangi lenye mafuta machache kuliko yote. Kwa hiyo wote wajaze mahali pamoja, kabla ya kuanza.

Kwa nini wa mwisho anakimbia kuliko wa kwanza

Hili wengi hawalifahamu mpaka wapangiwe nafasi ya nyuma. Fikiria pikipiki 15 zinapita kijiji chenye tuta. Wa kwanza anapunguza mwendo, anavuka tuta, anaongeza hadi kilomita 50 kwa saa. Wakati huo wa mwisho bado hajalifikia tuta. Anapolivuka, wa kwanza yuko mbali, hivyo inambidi aende 65 au 70 ili awafikie wenzake. Kila tuta, kila daraja jembamba na kila kundi la ng'ombe linarudia jambo hilo. Wa mbele anaona anaendesha taratibu. Wa nyuma anakimbizwa safari nzima. Na kwa kawaida nyuma ndiko tunakowaweka wageni na wenye pikipiki dhaifu.

Dawa yake ni kupanga nafasi upya. Mbele akae mtu anayeijua njia na asiye na haraka. Akivuka tuta asiongeze mwendo mpaka aone kwenye kioo kwamba wenzake wamevuka. Wenye chombo dhaifu na uzoefu mdogo wakae mara tu baada yake, ili mwendo wao ndio uwe mwendo wa kundi. Nyuma kabisa akae dereva mzoefu mwenye mfuko wa vifaa na simu yenye chaji. Huyo hampiti mtu yeyote. Pikipiki ikisimama, naye anasimama.

Kisha kila dereva apewe jukumu moja dogo: kumwangalia aliye nyuma yake kwa kioo. Asipomwona, apunguze mwendo. Aliye mbele yake naye atamkosa kwenye kioo, atapunguza, na hivyo hivyo hadi habari imfikie kiongozi bila simu wala honi. Ndiyo maana pikipiki isiyo na vioo haifai kwenye msafara. Siku ile tunakwenda Mngeta, nilihesabu baadaye: pikipiki zenye vioo viwili zilikuwa nne.

Nafasi kati ya pikipiki

Ukiwa kilomita 50 kwa saa unapita karibu mita 14 kila sekunde. Nafasi ya sekunde mbili nyuma ya mwenzako ni mita 28. Pikipiki 15 zikienda mstari mmoja kwa nafasi hiyo, msafara unakuwa na urefu wa karibu mita 400. Basi likitaka kuupita linalazimika kukaa upande wa kulia muda mrefu, na likikutana na lori litajiingiza katikati yenu.

Njia mbili husaidia. Kwenye lami, pikipiki zikae mshazari ndani ya upande wao: mmoja kushoto, anayefuata kulia kidogo, sekunde moja nyuma. Aliye mbele yako moja kwa moja anabaki sekunde mbili, lakini urefu wa msafara unapungua nusu. Njia ya pili ni kuligawa kundi katika vikundi vya watano hadi saba, vikiachana vya kutosha kwa gari kuingia na kutoka. Kwenye kona na kwenye vumbi, rudini mstari mmoja na mwongeze nafasi, maana kwenye vumbi unamwona mwenzako akiwa amekwishasimama.

Kusimama kwa pamoja

Watu 15 wakisimama kila mmoja kwa wakati wake, dakika tano tano, wakisubiriwa na wenzao, kundi limepoteza dakika 75. Wakisimama wote pamoja robo saa, wamemaliza haja, maji, chai na ukaguzi wa cheni. Waliozoea safari ndefu wanasema muda hupotea kwenye vituo kuliko barabarani.

Simameni kila baada ya saa moja au saa moja na nusu, hata kama hakuna aliyechoka. Bondeni kwetu ni chini na kuna joto. Upepo unakausha jasho kabla hujaliona, na mtu anaishiwa maji mwilini bila kujua. Dalili za mwanzo ni kuumwa kichwa, mikono kufa ganzi na kusahau indiketa ikiwaka. Inayofuata ni kusinzia kwa sekunde mbili, na kwa mwendo wa 50 sekunde mbili ni mita 28 bila dereva. Pombe haina nafasi hapa, hata ya kuaga wafiwa.

Na kofia ngumu ni ya dereva na ya abiria. Tafiti zilizokusanywa kutoka nchi mbalimbali zinaonyesha inapunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42 na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69, mradi imefungwa kidevuni.

Njia zetu zimebadilika

Zamani, aliyetoka Ifakara kwenda Lupiro au Mahenge alisubiri kivuko mtoni. Kivuko kilikuwa kero, na Januari 2016 kilizama. Lakini kwa msafara kilikuwa na faida moja: kiliwakusanya wote ukingoni. Aliyebaki nyuma alijulikana. Sasa tunavuka kwa Daraja la Magufuli, mita 384, na hakuna anayelazimika kumsubiri mwenzake. Vilevile lami ya Kidatu hadi Ifakara, karibu kilomita 67, imefuta mashimo yaliyokuwa yanatupunguza mwendo. Kilichokuwa kinafanywa na mto na mashimo sasa inabidi kifanywe na makubaliano: tajeni mapema mahali pa kukusanyika, na asiondoke mtu kabla ya kuhesabiana.

Lami hiyo ina hatari zake. Upande wa Kidatu, msimu wa kuvuna miwa, malori hutoka mashambani na kuangusha mabua barabarani. Karibu na Mang'ula barabara inapita kwenye ushoroba wa tembo kati ya Milima ya Udzungwa na mbuga za upande wa mashariki. Njia ya kupita tembo imejengwa chini ya barabara, lakini mkiwaona juu ya lami simameni mbali, msipige honi wala kuwasogelea kwa picha. Kuelekea Mlimba, masika hugeuza sehemu za udongo kuwa utelezi, na vijito vinavyoshuka milimani hujaa kwa saa chache. Maji yanayotembea hayapimwi kwa pikipiki.

Kundi likiwa kubwa, ni busara kuwataarifu polisi wa usalama barabarani kabla ya siku. Na leseni na bima vikaguliwe kijiweni, kabla havijakaguliwa njiani.

Yule kijana wa Mngeta bega lake lilipona na amerudi kijiweni. Mwaka jana kijiwe kilipokwenda msibani Malinyi, aliomba mwenyewe akae nyuma. Alibeba mfuko wa vifaa, na kila waliposimama alikuwa anahesabu kwa sauti.