Mafuta ya ndege yasipolingana mabawani: hesabu kwanza, vali baadaye

Ndege kubwa za abiria na za mizigo hubeba sehemu kubwa ya mafuta yake ndani ya mabawa. Katika ndege ya injini mbili, kwa kawaida injini ya kushoto hupata mafuta kutoka tangi la kushoto, na ya kulia kutoka tangi la kulia. Upande mmoja ukibaki na mafuta mengi kuliko mwingine, ndege huelemea, kama lori lililopakiwa mzigo ubavu mmoja.

Tofauti ndogo ni jambo la kawaida. Injini mbili hazitumii mafuta sawasawa, na nguvu ya pampu huweza kutofautiana. Hata hivyo kuna kikomo. Kwa Boeing 737, tofauti kati ya matangi mawili ya mabawa haitakiwi kuzidi kilo 453.

Kusawazisha si kazi ngumu. Rubani hufungua vali inayounganisha pande mbili, kisha huzima pampu za tangi lenye mafuta machache. Injini zote mbili hutumia mafuta ya tangi lenye mengi hadi vipimo vilingane. Baada ya hapo pampu huwashwa tena na vali hufungwa.

Lakini kabla ya kugusa vali kuna swali moja: mafuta ya upande ule yamekwenda wapi? Hesabu yake kila mwenye duka anaifahamu. Mali iliyouzwa ukijumlisha na iliyobaki lazima ilingane na ya mwanzo. Vivyo hivyo, mafuta yaliyotumika na yaliyobaki yakiwa pungufu kuliko yale ya kuondokea, huenda kuna mahali panavuja. Hapo vali haifunguliwi, kwa sababu kuifungua ni kupeleka mafuta ya upande mzima kwenye uvujaji.

Mfano unaojulikana sana ni wa tarehe 24 Agosti 2001. Airbus A330 ya Air Transat ilikuwa ikivuka Atlantiki kutoka Toronto, Kanada, kwenda Lisbon, Ureno, ikiwa na watu 306. Siku chache kabla, injini ya kulia ilikuwa imebadilishwa na kufungwa vipuri visivyooana. Bomba la mafuta likasuguana na bomba la haidroliki hadi likapasuka angani.

Marubani walipoona mafuta hayalingani, walifungua vali kwa kumbukumbu, bila kusoma orodha ya hatua. Orodha hiyo ilikuwa na onyo la kutofanya hivyo penye uvujaji. Mafuta ya bawa la kushoto nayo yakapotea, na injini zote mbili zikazimika. Kapteni Robert Piché na msaidizi wake Dirk de Jager waliielekeza ndege bila injini kwa dakika 19, wakatua Lajes, visiwa vya Azores. Wapo walioumia, lakini hakuna aliyefariki.

Kwa wenye mizigo, hesabu hiyo huanzia uwanjani. Mafuta yaliyojazwa hulinganishwa na vipimo vya ndege, na yasipolingana, safari husubiri. Minofu ya samaki au maua yakichelewa saa moja ni hasara, lakini hasara hiyo hulipika. Kosa hilo likigunduliwa juu ya bahari, muda wa kulirekebisha ni mdogo sana.