Mbuni unaonyweshwa kila siku hauchanui vizuri

Juzi nimepigiwa simu na kijana mmoja wa upande wa Hai, ana hasira kweli. "Afisa, mimi nimefunga dripu, mbolea nimeweka, kahawa zangu hazijawahi kukosa maji. Maua yanatoka kidogo kidogo. Jirani hana hata mpira, na shamba lake limekuwa jeupe lote kwa siku moja. Nimekosea wapi?"

Amekosea kwa ukarimu. Septemba yote alikuwa anafungua maji kidogo kila baada ya siku mbili.

Iko hivi. Vitumba vya maua ya kahawa vikifika urefu wa milimita 4 hadi 6 vinalala, havikui tena. Vinasubiri kiu kwanza, halafu maji. Mwaka 1960 mwanasayansi wa Brazil, Paulo Alvim, aliandika kwenye jarida la Science kwamba mibuni inayomwagiliwa mara kwa mara inabaki na vitumba vilivyolala, na ile iliyonyimwa maji kwa muda kisha ikanyweshwa ndiyo inayochanua. Mwaka 1992 Crisosto, Grantz na Meinzer, waliofanya utafiti Hawaii, wakaipima kiu yenyewe kwenye majani kabla ya jua kuchomoza. Kiu iliyotosha ilikuwa kama bar 8 za mvuto, yaani zaidi ya mara tatu ya presha ya tairi la gari dogo.

Kwetu huku mlimani kiangazi cha kabla ya vuli kinaifanya kazi hiyo bure. Mvua ya kwanza ya maana ikishuka, siku 8 hadi 10 baadaye shamba linanukia. Wewe mwenye dripu unaivuruga kwa mikono yako: mti huu umepata kiu, ule haujapata, tawi hili limefunguka, lile bado.

Na hapo ndipo hela inapotea. Kahawa iliyochanua mara nne inaiva mara nne. Mchumaji anarudi kwenye mti uleule kuokota kikombe kimoja, na wewe unamlipa. Akichoka anachuma mbivu na mbichi pamoja, ubora unashuka. Dawa ya chulebuni nayo unapiga mara nyingi, maana kila wakati kuna matunda machanga shambani.

Kwa hiyo ukiona vitumba vimeshasimama, funga maji kabisa. Wiki mbili mpaka nne zinatosha, kutegemea udongo wako. Wa kichanga unakauka haraka. Majani yakilegea mchana usiogope. Yakiwa yamelegea saa kumi na mbili asubuhi, umepitiliza, nywesha siku hiyohiyo.

Ukifungua, fungua kweli. Chimba kwa jembe baada ya kumwagilia: kama sentimita 30 chini bado pakavu, hujamaliza. Milimita 1 ya maji ni lita 1 kwa mita ya mraba, kwa hiyo mti unaolowesha mita za mraba 2 kwa milimita 20 unataka lita 40. Maji nusunusu kwenye jua kali yanakuletea maua ya nyota, yale madogo ya kijani yasiyozaa kitu.

Miche ya chini ya miaka miwili haihusiki na habari hii. Hiyo usiitese, iwekee matandazo na maji yake.

Sasa usije ukaniambia nimesema kahawa haitaki maji. Inayataka sana, ila baadaye. M.G.R. Cannell alichunguza jambo hili Kenya na kuchapisha mwaka 1974: ukubwa wa punje unategemea maji wakati tunda linatanuka haraka, takribani wiki ya 10 hadi ya 17 baada ya maua. Ukichanua mwanzoni mwa Novemba, hesabu mwenyewe, unaangukia katikati ya Januari mpaka Februari mwishoni, jua la kiangazi likiwa kichwani. Tunda likikwama hapo, linabaki dogo hata masika ije na baraka zote, na daraja la AA unalisikia kwa wenzako. Maji ya tangi uliyokuwa unamwaga Septemba yalikuwa ya kipindi hiki.

Kama unategemea zamu ya mfongo, ongea na wenzako mapema. Wape zamu zako za Septemba, kwenye mboga zao zinawafaa, wakurudishie Januari.