Tairi Likigusa Bodi, Iulize Springi Kwanza

Pickup ya Peugeot 504 ililetwa kwangu kutoka Longonot, ikiwa tupu, na mwenyewe alikuwa na ombi moja: nimkatie ukingo wa madigadi ya nyuma upande wa kushoto, kwa sababu ulikuwa ukila tairi. Nilipotoa gurudumu nilikuta alama mbili. Nyuma ya tao la madigadi, rangi ilikuwa imekwanguliwa mpaka bati likang'aa kama sarafu mpya. Kwenye bega la tairi kulikuwa na mstari mmoja uliolainika kana kwamba umepigwa msasa. Sikushika msumeno. Nilichukua tepu.

Wenye magari ya zamani wengi hukosea hapa. Tairi likigusa bodi, hukata bodi, hununua tairi dogo, au huongeza bamba moja la springi ili nyuma ipande. Lakini gari hilo lilitoka kiwandani na nafasi ya kutosha kati ya tairi na bodi. Ikiwa nafasi imepotea, kuna kitu kilichohama, na ni lazima kitafutwe.

Springi ya mabamba ni rundo la vyuma bapa vilivyopindwa kama upinde, vikipangwa kuanzia kirefu hadi kifupi. Lile refu ndilo bamba kuu, na ncha zake mbili zimekunjwa kuwa macho. Jicho la mbele hufungwa kwenye chasisi. Jicho la nyuma hushikwa na sheko, kipande kinachocheza mbele na nyuma ili springi ipate pa kurefukia inapobanwa na mzigo. Rundo lote hutobolewa katikati na kushikwa na senta bolti. Kichwa cha bolti hiyo huzama kwenye tundu la kikalio cha ekseli, kisha yubolti mbili huibana springi na ekseli pamoja.

Springi ya koili hubeba uzito tu; vyuma vingine ndivyo vinavyoshika ekseli isihame. Springi ya mabamba hufanya kazi zote mbili: hubeba gari, na pia huishika ekseli isiende mbele, nyuma wala pembeni. Kwa hiyo ikichoka, gari halishuki tu. Ekseli nayo hutoka mahali pake. Hapa pia tuangalie tusichanganye mambo: 504 ya abiria, ile iliyokuwa matatu maarufu kati ya Nairobi na Nakuru, ina koili nyuma. Pickup yake ndiyo yenye mabamba, sawa na Land Rover za Series, pickup za Datsun 1200 na Ford Escort za zamani.

Mtu asidhani kwamba mabamba ni ufundi duni. Mwaka 1972 Hannu Mikkola na Gunnar Palm walishinda Safari Rally kwa Ford Escort yenye mabamba nyuma, na Mikkola akawa dereva wa kwanza kutoka ng'ambo kulitwaa taji hilo. Chuma hiki kinavumilia barabara zetu, ila kinadai kutunzwa.

Na huku kwetu kinadai zaidi. Udongo wa Longonot ni majivu ya volkeno na mawe mepesi yaliyosagika. Waliofuata Safari Rally tangu irudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, yenye makao Naivasha, wanalijua vumbi la eneo la Kedong: laini kama unga, na gurudumu huzama ndani yake. Vumbi hilo huingia kati ya bamba na bamba na kusaga chuma kila springi inapocheza. Mvua ikinyesha hushika maji, na kutu huanza mahali ambapo jicho halifiki. Mashimo nayo hulegeza nati za yubolti kidogo kidogo. Yubolti ikilegea, springi huanza kupinda palepale penye tundu la katikati, ambapo ndipo panyonge kuliko pote. Siku moja bolti hukatika, au bamba lenyewe hupasuka.

Kabla ya kupima, msikilize dereva. Tairi likigusa gari likipakiwa tu, shuku springi zilizolala. Likigusa kwenye kona, shuku bushi, yaani mipira iliyo ndani ya macho na sheko. Likigusa upande mmoja wakati wote, hata gari likiwa tupu, shuku ekseli iliyohama.

Kisha simamisha gari tupu kwenye sakafu iliyo sawa, matairi yakiwa na upepo sawa, na upime mara tatu. Kwanza, kutoka katikati ya gurudumu la nyuma hadi ukingo wa madigadi, kila upande. Usipime kutoka ardhini, maana tairi lililoisha litakudanganya. Tofauti ya sentimita moja haisumbui. Ikizidi mbili, upande mmoja umelala. Mwenye Land Rover ya Series akumbuke kwamba springi za upande wa dereva zilitengenezwa na upinde mkubwa zaidi, kwa hiyo asizibadilishane na za upande wa pili.

Pili, nyosha usukani, upime kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya gurudumu la nyuma, kushoto na kulia. Tatu, ning'iniza uzi wenye nati kutoka ukingo wa madigadi, upime kutoka uzi hadi ubavu wa tairi. Ukipata sentimita tatu upande mmoja na tano upande wa pili, ekseli imesogea pembeni kwa sentimita moja, yaani nusu ya tofauti.

Usiyasahau matairi yenyewe. Anayetoka tairi la 165 kwenda la 195 ameongeza milimita 30 za upana, 15 kila upande, na springi haina kosa.

Kwenye pickup ile kipimo cha pili kilisema yote. Kushoto, gurudumu la nyuma lilikuwa limerudi nyuma kwa sentimita mbili kuliko la kulia. Tulifungua yubolti, ambazo nati zake hazikuhitaji nguvu, na senta bolti ikatoka vipande viwili. Nusu ya uso wa mkato ilikuwa nyeusi kwa kutu ya siku nyingi, na nusu iling'aa. Bolti ilikuwa na ufa kwa miezi kabla ya kukatika kabisa, mwenye gari akiendelea kupanda na kushuka mteremko wa Mai Mahiu na mzigo wake.

Dawa ilikuwa rahisi. Tulitenganisha mabamba, tukayasugua kwa brashi ya waya, na kutazama kila moja kuzunguka tundu kama lina ufa. Lenye ufa hutupwa. Haliungwi kwa kuchomelea kamwe, kwa sababu moto wa welding huua ugumu wa chuma cha springi. Tukapaka grisi ya grafaiti, tukaweka senta bolti mpya, yubolti mpya na bushi mpya. Bolti za bushi za mpira hukazwa mwisho, gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Ukizikaza likiwa juu ya jeki, mpira hubaki umesokotwa na hupasuka mapema. Baada ya safari ya kwanza, yubolti hukazwa tena.

Springi zikiwa zimelala kweli, zibadilishwe au zikunjwe upya zikiwa jozi, kushoto na kulia pamoja. Anayezikunja azipashe moto sawasawa kupita nyuzi 800 za Selsiasi, azipoze kwenye mafuta, kisha azipashe tena kwa moto mdogo ili zisivunjike kama kioo. Fundi anayeelekeza moto wa gesi sehemu moja na kugonga kwa nyundo amekuuzia upinde wa wiki chache. Na nyuma ikiinuka, hakikisha mpira wa breki haujavutika.

Tairi linalosuguana na bati hupata joto, na ubavu wake hukondeka bila wewe kuuona. Likipasuka kwenye mteremko wa Mai Mahiu, malori yakiwa mbele na nyuma yako, hutapata nafasi ya kujuta. Kwa hiyo nakusihi, wewe mwenye gari la zamani: ukiona bati linang'aa ndani ya madigadi, tafuta tepu kabla ya msumeno. Bodi iliyokatwa hairudi, na gari la asili hupoteza thamani yake hapo hapo.

Pickup ile ilirudi Longonot na madigadi zake zote mbili nzima. Vilivyobadilishwa ni senta bolti mbili, yubolti nne na bushi sita.