Vita vya Aljubarrota (1385): Je, Ushindi ni Hukumu ya Mungu?

Utangulizi

Jioni ya tarehe 14 Agosti 1385, mkesha wa sikukuu ya Kupalizwa kwa Bikira Maria, majeshi mawili ya Kikristo yalikutana katika uwanda wa São Jorge, karibu na kijiji cha Aljubarrota katika nchi ya Ureno. Upande mmoja alisimama João I, mfalme mpya wa Wareno. Upande wa pili Juan I, mfalme wa Kastilia. Wote wawili walibatizwa kwa jina la Yohana, na wote wawili walimwomba Mungu yule yule awape ushindi. Kwa muda upatao saa moja jeshi dogo la Wareno lilivunja jeshi lililokuwa kubwa kuliko lenyewe mara kadhaa.

Katika makala hii twakusudia kueleza chanzo cha vita hivyo, jinsi vilivyopiganwa, na jinsi watu wa Kanisa walivyovifafanua. Jambo hili la mwisho ndilo linalotuhusu zaidi sisi tulioitwa kulihubiri Neno. Washindi walitangaza kwamba Mungu mwenyewe amekata shauri. Je, walikuwa na haki ya kusema hivyo?

Mgogoro wa kiti cha enzi

Mfalme Fernando I wa Ureno alifariki mwezi Oktoba 1383 bila kuacha mwana wa kiume. Binti yake Beatriz, aliyekuwa na umri wa miaka kumi tu, alikuwa ameozwa miezi michache kabla kwa Juan I wa Kastilia. Mkataba wa ndoa ulieleza kwamba mama yake, Malkia Leonor Teles, angeiangalia nchi mpaka mtoto wa Beatriz atakapofikia umri wa kutawala. Lakini Juan hakungoja. Alivuka mpaka akiwa na jeshi, akidai Ureno kuwa urithi wa mkewe.

Makabaila wengi wa Ureno walimkubali. Walioinuka kumpinga walikuwa hasa mafundi, wafanyabiashara na watu wa kawaida wa Lisbon na miji mingine. Kiongozi wao alikuwa João, ndugu wa marehemu mfalme kwa baba, aliyezaliwa nje ya ndoa. Tena alikuwa Mkuu wa shirika la watawa-askari la Avis, akifungwa na nadhiri ya kutokuoa. Tarehe 6 Desemba 1383 alimwua Kabaila Andeiro, msiri wa Malkia, ndani ya jumba la kifalme. Siku hiyo hiyo umati wa watu ulipanda katika mnara wa kanisa kuu la Lisbon, ukamwua Askofu Martinho na kumtupa chini. Makosa aliyohesabiwa yalikuwa mawili: alikuwa mtu wa Kastilia, na alimtii Papa wa Avignon.

Mwaka 1384 Wakastilia waliuzingira mji wa Lisbon kwa miezi kadhaa, mpaka tauni ilipoingia kambini mwao ikawalazimisha kuondoka. Mwezi wa Machi 1385 baraza kuu la nchi lilikutana Coimbra. Hapo mwanasheria João das Regras alitoa hoja kwamba kiti cha enzi ki wazi, kwa kuwa hakuna mdai yeyote aliye mrithi halali. Na ya kwamba Juan wa Kastilia hafai pia kwa sababu ni mfarakanishi aliyeliacha Kanisa la kweli. Tarehe 6 Aprili João alitangazwa kuwa mfalme.

Kanisa lenye mapapa wawili

Hoja ya mwanasheria huyo haieleweki mpaka tukumbuke hali ya Kanisa la Magharibi wakati ule. Mwaka 1378 makardinali walimchagua Urban VI huko Roma. Baada ya miezi michache wengi wao walidai kwamba waliulazimishwa uchaguzi huo na ghasia za watu wa Roma, wakamchagua Clement VII, ambaye baadaye alikaa Avignon. Kila mmoja wa mapapa hao alimtenga mwenzake na Kanisa. Huo ndio Mfarakano Mkuu wa Magharibi.

Wafalme walichagua Papa kwa kadiri ya mapatano yao ya kisiasa. Ufaransa ilimtii Clement, na Kastilia ikaifuata mwaka 1381. Uingereza, adui wa Ufaransa, ilimtii Urban. Fernando wa Ureno alibadili utii wake zaidi ya mara moja, kila alipobadili rafiki. Kwa hiyo Wareno walipomwita adui wao mfarakanishi, walisahau kwamba miaka michache nyuma mfalme wao mwenyewe alikuwa katika utii ule ule. Hata hivyo, kwa mtu wa kawaida jambo hilo halikuwa mchezo. Aliambiwa na padre wake kwamba wokovu wa roho yake umo hatarini akimfuata Papa wa uongo, na padre wa upande wa pili alisema maneno hayo hayo.

Uwanja wa vita

Juan aliingia Ureno tena katika kiangazi cha mwaka 1385, akielekea Lisbon. Pamoja naye walikuwamo makabaila wengi wa Ureno, na wapanda farasi kutoka Ufaransa. João alikuwa na watu wapatao 7,000, wakiwemo mamia kadhaa ya Waingereza, hasa wapiga upinde. Jemadari wake Mkuu alikuwa Nuno Álvares Pereira, kijana wa miaka ishirini na mitano. Ndugu zake wawili, Pedro na Diogo, walikuwa katika jeshi la Kastilia. Pedro alikuwa amefanywa na Juan kuwa Mkuu wa shirika la watawa-askari la Calatrava.

Asubuhi Wareno walishika kilima kilichotazama kaskazini, juu ya njia itokayo Leiria. Wakastilia walipoona ugumu wa kukipanda walikizunguka, wakatokea upande wa kusini ambako nchi ilikuwa tambarare zaidi. Nuno aligeuza jeshi lote, akalihamisha kiasi cha kilomita mbili hadi mahali penye vijito viwili, kimoja kila upande, vyenye makorongo marefu. Hapo walichimba mahandaki na mashimo mengi, wakakata miti na kuilaza mbele yao. Wataalamu wa mambo ya kale waliofukua uwanja huo kati ya miaka 1958 na 1960 waliyakuta mashimo hayo kwa mamia.

Jua lilikuwa likielekea kuchwa. Wakastilia walikuwa wametembea kutwa katika joto la Agosti, sehemu ya jeshi lao ilikuwa bado njiani, na mfalme wao alikuwa mgonjwa wa homa hata hakuweza kukaa vizuri juu ya farasi. Watu wazima wenye uzoefu walishauri wangoje: Wareno wana chakula kidogo, njaa itawatoa wenyewe. Mmoja wa waliotumwa kuongea na Nuno kabla ya mapigano alikuwa Pero López de Ayala, ambaye baadaye aliandika tarehe ya utawala wa Juan. Yeye aeleza kwamba shauri hilo lilishindwa na hamu ya vijana waliotaka kupigana siku ile ile.

Basi walishambulia. Kadiri walivyosonga mbele, makorongo yaliwabana wakawa msongamano. Mabawa ya jeshi lao hayakupata nafasi ya kusaidia. Walifaulu kulivunja safu la mbele la Wareno, lakini mara walijikuta kama katika mfuko: wapiga upinde kutoka pande mbili, na mbele yao João akileta kikosi cha akiba. Bendera ya Kastilia ilipoanguka, jeshi zima lilikimbia. Mfalme Juan alipandishwa farasi akaenda mbio usiku hadi Santarém. Maelfu walikufa, wengi wao wakiuawa na wanavijiji walipokuwa wakikimbia. Pedro na Diogo, ndugu zake Nuno, walikuwa miongoni mwa maiti. Ayala alikamatwa. Mwandishi Mfaransa Froissart asimulia kwamba katikati ya mapigano, kwa hofu ya shambulio la pili, Wareno waliwaua mateka waliokwisha kusalimu amri.

Kwa kueleza haya twataka ionekane kwamba ushindi huo ulikuwa na sababu zake: mahali palipochaguliwa vizuri, kazi ya majembe, ujuzi wa wapiga upinde, na haraka ya adui. Mtu aweza kumshukuru Mungu kwa akili aliyompa Nuno. Lakini mashimo hayakuchimbwa na malaika.

Namna ushindi ulivyofafanuliwa

Hata kabla ya vita, watumishi wa Kanisa walikuwa wamekwisha kulitia jina la Mungu katika jambo hili. Askofu Mkuu wa Braga, Lourenço Vicente, alikuwamo jeshini, akiwatia askari moyo na kuwatangazia rehema za Papa wa Roma. Yeye mwenyewe alipata jeraha la upanga usoni. Twamwona hapa mchungaji aliyeshika kazi mbili ambazo hazikai pamoja: ile ya kuwapatanisha watu na Mungu, na ile ya kuwahimiza kuua.

Baada ya ushindi, maelezo yalizidi kuwa makubwa. Fernão Lopes, aliyeagizwa na Mfalme Duarte mwaka 1434 kuandika tarehe ya wafalme wa Ureno, alimlinganisha Nuno na wenzake na Petro na wanafunzi wa Bwana, akasema kwamba waliihubiri nchini Injili ya Kireno. Kiini cha Injili hiyo kilikuwa hiki: kwamba Urban ndiye Papa wa kweli, na kwamba ni wajibu kuitetea nchi isitawaliwe na Kastilia. Lopes alikuwa mwandishi hodari sana, wala hatumdharau. Lakini msomaji wa theolojia hawezi kupita hapo bila kusimama. Injili inapopewa jina la taifa, huwa imebaki nini kwa ajili ya yule wa ng'ambo ya mpaka? Padre wa Kastilia aliyewazika wafu wake angewahubiria wajane habari gani njema?

Ayala, aliyeshindwa na kufungwa, aliandika kwa namna nyingine. Hakuona kwamba mbingu zimemkataa; aliona kwamba shauri baya lilifuatwa na shauri jema likaachwa. Huenda kushindwa kulimsaidia kuona vizuri.

Baada ya vita

Historia yenyewe haikuthibitisha hukumu iliyodhaniwa. Kama Mungu alionyesha Aljubarrota ni nani Papa wa kweli, mfarakano ungalikoma. Haukukoma. Uliendelea zaidi ya miaka thelathini, ukawa na mapapa watatu, mpaka Mtaguso wa Constance ulipoumaliza kwa kumchagua Martin V mwaka 1417. Upanga haukuamua, watu walikaa wakashauriana. Na hata mtaguso huo ulikuwa umemchoma moto Jan Hus mwaka 1415, ili tusije tukaugeuza nao kuwa sauti ya Mungu isiyokosea.

Wala kiti cha enzi hakikuwa salama milele. Ni kweli, ukoo wa Avis uliimarika. João alijenga monasteri ya Batalha kwa shukrani, akafanya mkataba na Uingereza mwaka 1386, akamwoa Philippa wa Lancaster mwaka uliofuata. Mwaka 1415 aliuteka mji wa Ceuta katika Afrika Kaskazini, na wafalme wa ukoo huo ndio waliotuma merikebu zilizofika Mombasa na Malindi mwaka 1498, na zilizoipora Kilwa mwaka 1505. Lakini mwaka 1580 ukoo huo ulikwisha, na Philip II wa Hispania, mrithi wa wafalme wa Kastilia, akawa mfalme wa Ureno. Wareno walipoanza kuijenga Ngome ya Yesu huko Mombasa mwaka 1593, walikuwa raia wa mfalme huyo. Kama ushindi wa mwaka 1385 ulikuwa neno la mwisho la Mungu juu ya Ureno na Kastilia, basi twapaswa kusema kwamba Mungu alilibadili. Jambo ambalo hakuna mhubiri wa Batalha angekubali.

Nuno mwenyewe alimaliza safari yake kwa njia inayofundisha. Mwaka 1423 aliziacha mali na vyeo vyake, akaingia kama mtawa mdogo katika monasteri ya Wakarmeli aliyokuwa ameijenga Lisbon. Alifariki humo mwaka 1431. Kanisa la Roma lilimtangaza mtakatifu mwaka 2009.

Hitimisho

Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, katika kifungu cha 16, lakubali kwamba Mkristo aweza kushika silaha katika vita vya haki. Na katika kifungu cha 28 lakataza kuchanganya mamlaka ya upanga na mamlaka ya Injili. Aljubarrota yatuonyesha kwa nini vifungu hivyo viwili vinahitajiana. Kuna hoja nzito za kusema kwamba Wareno walikuwa na haki ya kukataa kutawaliwa kwa nguvu. Haki hiyo ingepimwa kwa hoja zake, kabla ya vita na bila kungoja matokeo. Kosa lilikuwa kuyafanya matokeo kuwa ushahidi. Kitabu cha Samweli wa Kwanza, sura ya 4, chatueleza jinsi Israeli walivyolichukua sanduku la agano vitani wakidhani wamemfunga Mungu upande wao, wakapigwa. Na mahali ambapo sisi tunaitazama hukumu ya Mungu waziwazi ni msalabani, ambako machoni pa watu aliyekuwa na haki alishindwa.

Ndugu zetu katika utumishi huitwa mara nyingi kuomba baada ya ushindi, uwe wa vita, wa uchaguzi au wa kesi mahakamani. Si vibaya kushukuru kwa amani iliyopatikana. Lakini kabla ya kupanda mimbarani yafaa mhubiri ajiulize kama maneno aliyoyaandaa angeweza kuyasema mbele ya familia za walioshindwa, nao wakatambua kwamba Bwana wao ndiye anayehubiriwa. Kama hawezi, ayaandike upya.