Safari ya lazima: kinga moja, mazao ya nyumba nyingi



Tarehe 24 mwezi wa tatu 2020 inchi yetu iliingia katika hali ya dharura juu ya ugonjwa wa Korona. Mgonjwa wa kwanza alitangazwa Kinshasa tarehe 10 ya mwezi ule. Tarehe 18 Rais alifunga masomo, makanisa na baa, akakataza mikutano ya watu kupita 20. Kisha mipaka ikafungwa kwa wasafiri, lakini malori, ndege na mashua za mizigo zikaachwa zipite. Hapa kwetu Haut-Katanga tulionja mapema: mwezi ule ule wa tatu tulifungiwa nyumbani saa 48. Saa 48 zilitosha kwa kuonyesha watu wa Lubumbashi kwamba mji haulimi bunga yake wala sombe yake. Vinatoka kwenu.

Kisha hali ya dharura ikaongezwa siku 15, na tena siku 15. Lakini mahindi hayasikilizi redio. Yalikauka shambani, yalitaka kuvunwa. Wenye bustani kando ya mito walianza kumwagilia nyanya na lengalenga za wakati wa jua. Na katika vijiji tulivyopita, kila koperative ilituuliza jambo moja: tutafikisha mazao sokoni namna gani, wakati malori yamekuwa machache, na mwenye lori anayefika anataja bei yake akijua kwamba hatuna mwingine?

Jibu letu la kwanza liko tayari kwenye ukuta wa nyumba nyingi: kinga.

Kwa nini kinga

Sisi watu wa Katanga tunaita baiskeli kinga. Wauguzi nao wakisema kinga wanataka kusema kile kinacholinda mwili. Safari hii maneno hayo mawili yanatembea pamoja. Ndani ya taxi-bus watu wanakaa bega kwa bega saa nyingi. Juu ya kinga mtu yuko peke yake na hewa inapita. Ndiyo sababu OMS, shirika la afya la dunia, katika mwezi wa nne lilishauri watu watembee kwa miguu au kwa baiskeli pale inapowezekana. Jirani zetu wa Uganda, walipokataza usafiri wa watu katika mwezi wa tatu, waliacha pikipiki zibebe mizigo, mradi zisipakie abiria. Mawazo ni yale yale: chakula kitembee, watu wapunguze kutembea.

Kinga haiombi mafuta ya stasioni. Inapita kwenye njia ndogo ambako lori linazama. Wauza makala wanatuonyesha kila siku mzigo ambao kinga moja inaweza kubeba mpaka mjini. Lakini tusidanganyane: kinga haitachukua nafasi ya lori kwa tani 20 za mahindi kutoka Kasenga. Nguvu yake iko kwenye safari fupi, kama vile Kipushi mpaka Lubumbashi, kilometa 30 hivi, na kwa kutoa mazao kijijini mpaka barabara kubwa ambako lori moja linaweza kukusanya ya koperative nzima.

Safari gani ni ya lazima?

Mbele ya kufunga mzigo, komite ikae ijiulize: zao hili likingoja juma 2, linaharibika? Tupange mazao katika mafungu 3.

Yasiyongoja: nyanya, lengalenga, sombe, matembele na mboga zingine za majani. Haya ndiyo yenye haki ya kwanza ya kupanda kinga.

Yanayongoja shambani: muhogo. Ukiisha kung'olewa, unaanza kuharibika ndani ya siku 2 au 3. Ukibaki ndani ya udongo, unaweza kungoja miezi. Kwa hiyo tusing'oe mpaka mnunuzi amepatikana kwa telefone, au tuukaushe kijijini na kuuza ukiwa mkavu.

Yanayongoja ndani ya gala: mahindi, maharagwe na karanga, lakini paka zikiwa kavu kabisa. Mahindi yenye maji yakifungwa ndani ya mfuko yanaota ukungu, na ukungu ule unaweza kuleta sumu inayoitwa aflatoksini. Kwa kujaribu, tuchukue chupa kavu, tutie kijiko cha chumvi kavu, tuongeze mahindi mpaka sehemu moja kati ya 3 ya chupa, tufunge, tutikise vizuri, tungoje dakika 15. Chumvi ikishikana kwenye ukuta wa chupa, mahindi bado yana maji: turudishe kwenye jua, juu ya sheeting na si juu ya udongo. Chumvi ikibaki chini bila kushikana, tunaweza kuweka gala.

Mwenye mahindi makavu gala halazimishwi kuuza leo kwa bei ya haraka. Kukausha vizuri mwaka huu ni namna moja ya kupunguza safari.

Watu 4 pahali pa watu 20

Tuhesabu pamoja. Tuseme wanachama 20 wana nyanya na mboga kilo 20 kila mmoja, jumla kilo 400. Kila mtu akienda mwenyewe, watu 20 wanaingia sokoni, watu 20 wanarudi, na nyumba 20 zinapokea mtu aliyetoka kwenye msongamano. Koperative ikikusanya mzigo, kinga 4 zinatosha, kila moja kilo 100. Watu 4 wanaenda, watu 4 wanarudi. Mazao yaliyofika ni yale yale.

Gharama zinagawanywa kwa kilo. Chukua mfano tu, si bei ya soko: tukikata franka 75 kwa kilo kwa ajili ya msukumaji na franka 5 kwa sanduku la matengenezo, kilo 400 zinaleta franka 30.000 kwa wasukumaji, ni kusema 7.500 kwa kila mmoja, na 2.000 za matengenezo. Mwenye kilo 20 anachanga 1.600. Kila koperative iweke hesabu zake kufuatana na mwendo na mlima. La muhimu ni bei ijulikane mbele ya safari, iandikwe ndani ya daftari, na kila mtu aione.

Kinga isirudi bure. Orodha ya mahitaji iandikwe siku moja mbele: mbegu za mboga, chumvi, sabuni, dawa ambazo muganga ameandika. Hivi safari moja inafuta safari nyingine kumi.

Na kuna kinga moja ambayo hatutaipakia nyanya hata siku moja: ile inayobaki kijijini kwa ajili ya mgonjwa na mama mwenye mimba. Usiku ambao uchungu unashika mama na pikipiki haipatikani, kinga yenye kiti kizuri nyuma na watu 2 wa kusindikiza ni bora kuliko tipoyi. Komite ichague kinga hiyo kwa jina la mwenyewe, na ipimwe kila juma.

Anayesukuma ni mtu

Mpango huu unapunguza hatari ya wengi kwa kuweka sehemu yake juu ya wachache. Tusifiche jambo hilo. Vijana 4 wanaoenda mjini ndio wanaokutana na wanunuzi, wanaoshika makuta, wanaosimama kwenye bariere. Koperative inayowatuma ina deni kwao.

Kwanza, waende kwa kupenda, si kwa kulazimishwa. Asiende mwenye kikohozi, mwenye homa, wala mzee. Anayeishi nyumba moja na bibi mzee au mgonjwa wa kifua apewe kazi nyingine.

Pili, kila mmoja apewe maske 2 za kitambaa, moja ya kwenda na moja ya kurudi, na kipande cha sabuni na kidumu cha maji kwenye kinga yake. Anawe mikono kiisha kila mauzo na mbele ya kula. Akirudi, anawe tena mbele ya kusalimia watoto, abadilishe nguo, apanguse kwa maji ya sabuni mikono ya kinga na pahali anaposhika akisukuma.

Tatu, wasilale mjini kama inawezekana. Waondoke mapema sana na kurudi siku ile ile. Kusukuma kilo 100 ni mwendo wa mtu anayetembea, kilometa 4 mpaka 5 kwa saa. Basi kilometa 30 ni siku nzima ya kazi. Pale mwendo unapita hapo, tugawanye njia: kikundi cha kijiji kimoja kinapokezana mzigo na kikundi cha kijiji kingine.

Ine, mtu mmoja akipata homa kiisha safari, asichekwe wala kukimbiwa. Apelekwe kituo cha afya, kazi ya shamba lake ifanywe na wenzake. Tukimtia haya, wa pili atakayepata homa ataificha, na hapo kijiji chote kitalipa.

Wamama wasipoteze soko

Jambo hili tunaliona linaanza, na tunapenda kulisema mapema. Katika vijiji vyetu mboga ni kazi ya wamama: wao wanapanda, wanamwagilia, wanachuma, wanauza. Kinga mara nyingi ni za wanaume. Kama mzigo unapanda kinga bila utaratibu, makuta yatarudi ndani ya mfuko wa mwenye kinga, na mama atangoje aambiwe bei. Ugonjwa utapita, lakini soko lililopotea halirudi lenyewe.

Kwa hiyo wamama wenyewe wapigie wanunuzi wao telefone, wakubaliane bei na kilo mbele ya kinga kuondoka. Mama mmoja ashike daftari la mizigo na kupima kila kikapu. Pale mtandao uko, mnunuzi alipe kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money moja kwa moja kwa mtunza makuta. Faida ni mbili: makuta hayapiti mikononi mwa watu wengi, na msukumaji hatembei na feza njiani.

Kupakia na kutunza kinga

Mboga zichumwe asubuhi mapema au jioni, zikae kivulini, zifunikwe kwa kitambaa chenye maji kidogo. Tusizifunge ndani ya plastiki: zinapata moto na kuoza. Nyanya zichumwe zikianza kugeuka rangi, ziwekwe ndani ya vikapu au masanduku ya mbao yenye majani makavu chini. Ndani ya mfuko, zile za juu zinaponda zile za chini.

Mzigo mzito ukae chini na katikati, ufungwe na kamba za mpira, usizidi upande mmoja. Mti wa kusukumia ufungwe imara nyuma ya kiti. Jioni mbele ya safari tupime vitu 4: upepo wa magurudumu, vyuma vyake kama hakuna kilicholegea, mnyororo kama una mafuta, na freni. Freni inayosimamisha mtu peke yake haisimamishi kilo 100 kwenye mtelemko. Kikundi cha kinga 4 kibebe pompi moja, gundi, viraka na funguo. Sanduku la matengenezo ndilo linanunua vitu hivi, si mfuko wa kijana.

Njiani na kwenye bariere

Wasukumaji waende kwa kikundi, lakini waachane angalau meta 2 wakitembea, hata wakipumzika. Kila mmoja abebe kitambulisho chake na karatasi ya koperative yenye muhuri na sahihi ya mukubwa wa kijiji: jina lake, mzigo, kilo, anakoenda, siku ya kurudi. Nakala ibaki kwa sekretere. Mbele ya kuondoka tuulize kwenye uongozi wa eneo ni masharti gani ya juma hilo, kwa sababu yanabadilika. Wakidaiwa taxe, waombe risiti, na kila malipo yaandikwe. Daftari lenye tarehe na kiasi ndilo komite itapeleka kwa wakubwa ikiwa malipo yanazidi.

Wasiingie katikati ya soko kubwa. Wakutane na wanunuzi pembeni ya mji, pahali pa wazi, saa iliyopangwa, mmoja kiisha mwingine.

Kwa mkutano wenu unaokuja

Mukutane chini ya mti, musipite watu 20, na sabuni iwe pale. Mujibu maulizo matano, muandike majibu: Ni mazao gani hayangoji? Kinga ngapi ni nzima, na za nani? Nani anapenda kusukuma, na tutamlipa ngapi kwa kilo? Mama gani atashika daftari? Kinga gani itabaki kijijini kwa ajili ya wagonjwa? Tukipita tena kwenu, tutaanza kwa kusoma daftari hilo pamoja nanyi, na kupima mahindi yenu ndani ya chupa ya chumvi.