Je, Wajua? Pwani za Uhispania na Mwingereza Anayelifuata Jua

Je, wajua kwamba Benidorm na London ziko karibu kwenye mstari mmoja, ule wa Greenwich, ilhali saa zao hazilingani? Tangu 1940 Uhispania imefuata saa za Ulaya ya kati. Ndiyo maana kiangazi jua la Benidorm hufika kileleni saa nane mchana, si saa sita. Mgeni wa London hushuka ufukweni saa tisa akidhani makali yamepungua, kumbe ndiyo kwanza yamekolea. Ikifika saa kumi na mbili jioni njaa inamuuma, lakini mikahawa ya wenyeji haijawasha jiko: chakula cha usiku huko huanza saa tatu.

Mji huo una fukwe mbili kubwa, na majina yake yanatosha kumwelekeza mtu. Levante ni upande wa mawio, Poniente ni upande wa machweo. Nyuma ya Levante ndiko ziliko baa za Waingereza, muziki na kelele mpaka alfajiri. Poniente ni ndefu zaidi, tulivu, na Wahispania wenyewe huipenda. Mwenye watoto wadogo au wazee asijiulize mara mbili.

Kabla ya hoteli, Benidorm kilikuwa kijiji cha wavuvi, na manahodha wake walisifika kwa kutega jodari. Mwaka 1950 alishika umeya kijana aitwaye Pedro Zaragoza. Aliporuhusu bikini, viongozi wa Kanisa walikasirika. Mwenyewe alisimulia kwamba alipanda pikipiki yake ya Vespa hadi Madrid kumwomba Franco, mtawala wa Uhispania, amkingie kifua, akarudi na ruhusa yake. Mpango wa mji wa 1956 nao ulifungua njia kwa barabara pana na, baadaye, majengo marefu yenye nafasi katikati, ili vyumba vingi vione bahari na mgeni aende ufukweni kwa miguu. Wengi huidharau minara ile. Mimi naona ilikuwa busara: watu wengi wamekaa kwenye ardhi ndogo, na milima ya nyuma imebaki milima. Hoteli ya Bali, iliyofunguliwa 2002, ina urefu wa mita 186. Lakini maji ya kunywa yalikuwa shida. Katika ukame wa 1978 yaliletwa kwa meli.

Je, wajua safari za bei moja zinazowaleta Waingereza, ndege na malazi na chakula pamoja, zilianzaje? Mwaka 1950 Vladimir Raitz, mwandishi wa habari wa London, alikodi ndege akawapeleka watu Corsica kulala kwenye mahema kwa pauni 32 na shilingi 10. Nyama nyumbani ilikuwa bado ya mgawo, ikabaki hivyo hadi 1954, kwa hiyo sahani yenye nyama ilikuwa kivutio sawa na bahari. Mwaka 1952 ndege za Raitz zilitua Palma, Mallorca. Mwaka 2024 Waingereza waliozuru Uhispania walizidi milioni 18.

Anayetaka kuogelea asihadaike na jina Costa del Sol, yaani Pwani ya Jua. Maji ya Málaga, kwenye pwani hiyo, hupoozwa na Atlantiki inayoingia kupitia Gibraltar. Kiangazi yale ya Alicante, upande wa Benidorm, huwa na joto zaidi. Na kokote aendako kwenye Mediterania, bahari ya Agosti ni vuguvugu kuliko ya Mei, hata kama hewa ya Mei inapendeza.

Wanaokimbia baridi ya Januari huenda Visiwa vya Canary, vilivyo jirani na Moroko, ambako saa ni ile ile ya London. Kwenye kimojawapo, Tenerife, upepo wa kaskazini-mashariki hugonga mlima Teide, wenye mita 3,715, ukaacha mawingu kaskazini na ukavu kusini. Ukitaka kijani nenda Puerto de la Cruz; ukitaka jua la uhakika, Los Cristianos.

Na ule mchanga wa dhahabu wa ufukwe wa Las Teresitas? Uliletwa kwa meli kutoka Sahara, kazi ikamalizika 1973. Mchanga wa asili wa Tenerife kwa sehemu kubwa ni mweusi, umetokana na volkano. Hunywa joto, na ikifika saa nane mchana haukanyagiki bila ndala.